Mashine ya Wajawazito na Wanaume wa Delta

Mwezi uliopita shemeji yangu wa Nyamisati alinipigia simu. Alizunguka na salamu ndefu, akauliza hali ya watoto, akauliza bei ya mchele huku mjini, ndipo akafika kwenye shida yake. Mdogo wake ameandikishwa kwa ajili ya upasuaji wa mabusha. Kabla ya kupangiwa tarehe, daktari akamwandikia kipimo cha altrasaundi. Jamaa akafika asubuhi, akakuta benchi limejaa akina mama wajawazito na kadi zao za kliniki mkononi, akageuza njia kurudi alikotoka. "Shemeji," akaniambia, "anasema mashine ile ni ya wajawazito. Mwanamume mzima akae pale kufanya nini?"

Nimefanya kazi ya picha za hospitali tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya Rufiji, enzi ambazo Kibiti ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo. Maneno ya jamaa huyo nimeyasikia kwa wavuvi wa kamba, kwa wakata boriti, kwa walimu, hata kwa mtumishi mwenzangu wa afya. Nilidhani yamekwisha. Kwa kuwa bado yapo, na bado yanawarudisha watu nyumbani na maradhi ambayo yangeonekana kwa dakika chache, nimeona nieleze niliyoyashuhudia.

Nilipoanza kazi hatukuwa na altrasaundi. Tulikuwa na mashine ya eksirei iliyotegemea jenereta, na chumba cha giza chenye taa nyekundu. Humo filamu ilizamishwa kwenye dawa ya kwanza, ikasuuzwa, ikazamishwa kwenye ya pili, kisha ikaanikwa kwenye kamba ikauke. Kumpiga mtu picha ya figo na njia ya mkojo ilikuwa shughuli ya siku mbili. Jioni alikunywa mafuta ya nyonyo ili tumbo lisafishike. Asubuhi alikuja hajala, akachomwa kwenye mshipa dawa yenye iodini, nasi tukapiga picha moja baada ya nyingine kwa vipindi, tukiifuata dawa ile inavyochujwa na figo, inavyoshuka kwenye mirija, mpaka inapojaa kibofuni. Wapo ambao mwili uliikataa dawa hiyo, kwa hiyo muuguzi alisimama pembeni na sindano tayari muda wote.

Mzee mmoja aliletwa kutoka vijiji vya mabwawa, juu ya Utete. Alilalamika kiuno, miguu ilikuwa imevimba, na mkojo ulimtoka kidogo kidogo kwa maumivu. Desturi ni kupiga picha moja tupu kabla ya kuchoma dawa. Nilipoinyanyua filamu ile kwenye mwanga, ikiwa bado inadondosha maji, nikaona chini ya nyonga duara jeupe lenye ukingo uliokamilika pande zote. Hapakutakiwa kuonekana kitu pale. Kibofu ni nyama, na nyama laini haionekani hivyo kwenye eksirei. Cha mzee huyu kilikuwa kimejengeka chokaa ukutani, mayai ya kichocho ya miaka na miaka yakiwa yamenaswa na kugandiana. Tulipochoma dawa, figo ya kushoto haikutoa chochote. Ya kulia ilitoa, lakini ilikuwa imetanuka, na mrija wake umepanuka na kupindapinda, kwa sababu mkojo ulikosa pa kupitia.

Nikamuuliza alianza lini kukojoa damu. "Mwanangu," akanijibu, "nilikuwa bado naamia ndege mpunga. Tunakaa kwenye dungu msimu mzima, ukishuka unakanyaga maji, ukipanda umelowa. Nikaona damu, nikamwambia babu. Wazee wakacheka, wakasema kijana amekua."

Jibu lile lilinikaa. Ugonjwa ulikuwa umeanza kama sifa, ukanyamaza kwa miaka, ukarudi ukiwa umeshachukua figo. Na eksirei yetu, pamoja na mafuta yote ya nyonyo na sindano na jenereta, ilikuwa inatuambia ukweli ambao daktari hakuwa tena na la kuufanyia.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hilo lilikwishajulikana kabla sijazaliwa. Mwaka 1965 na 1966 Forsyth na Macdonald walichapisha walichokiona kwenye njia ya mkojo ya wanafunzi wa shule ya Usagara, Tanga, na wa shule ya Donge, Unguja. Walichokieleza si madhara ya wazee. Ni ya watoto waliokaa darasani, wakacheza mpira, na ambao mtu angewatazama asingesema wanaumwa. Madhara ya kichocho kwenye njia ya mkojo huanza udogoni. Ila nani angewachoma iodini watoto wa shule nzima, kila mwaka, vijijini Rufiji? Chombo tulichokuwa nacho kilikuwa kizito mno kwa swali lenyewe.

Niseme hapa, maana wageni wengi huchanganya: delta yetu si moja kwa kichocho. Konokono anayebeba ugonjwa huu hutaka maji baridi. Kule midomoni, kwenye mikoko, ambako maji ya chumvi hupanda na kushuka, hawezi kuishi. Yuko kwenye mabwawa, kwenye mashamba ya mpunga na kwenye vijito vya bondeni. Mbu wa matende na mabusha yeye hana mipaka hiyo. Anazaliana bondeni, anazaliana pwani, anazaliana kwenye shimo la choo Kibiti mjini. Kwa hiyo mvuvi wa midomoni anaweza kuwa na kibofu safi na bado akawa na mabusha, na mkulima wa bondeni akawa na vyote viwili. Huwezi kujua kwa kumtazama alivyovaa msuli.

Mashine ya kwanza ya altrasaundi niliyoishika Rufiji ilifika wakati daraja la Mkapa likiwa bado linajengwa, watu na magari yakivushwa mto kwa pantoni. Ilikuwa nzito, yenye magurudumu ambayo hayakuzunguka, na skrini ndogo ya kijivu. Ikawekwa chumba cha kliniki ya mama na mtoto. Ukutani palikuwa na bango la kunyonyesha. Daftari lake lilikuwa na safu ya umri wa mimba, safu ya mlalo wa mtoto na safu ya kondo la nyuma. Mgonjwa wa figo nilimwandika pembeni, kwenye nafasi ya maoni. Hakuna aliyekaa akaamua kuwafukuza wanaume, lakini kila kitu ndani ya chumba kile kiliwaambia kwamba hawakutarajiwa.

Niliwaeleza wengi asili ya mashine yenyewe. Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, alipoanza majaribio yake mwaka 1955, alibeba vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa akavipeleka kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke, ambako mafundi walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Makala yake iliyotangaza kazi hiyo kwa madaktari ilitoka mwaka 1958. Mimba zilipata umaarufu, lakini sauti ile ilikuwa imeshapita kwenye chuma kabla ya kupita kwenye tumbo la mama. Siku moja nilimweleza hivyo fundi wa mashua kutoka Mbwera, mtu mzima, aliyekuja na maumivu ya ubavu akakataa kupanda kitanda. Akafikiri, akasema, "Basi ni kama sisi tunavyogonga ubao kusikiliza kama umeoza ndani." Akapanda. Alikuwa na jiwe kwenye figo, na nyuma ya jiwe kulikuwa na kivuli cheusi kilichonyooka, kwa sababu sauti haipenyi jiwe.

Fundi yule alinifundisha kwamba mtu hakatai kipimo, anakataa kuwekwa mahali pasipo pake. Nikaomba tutenge alasiri moja kwa wiki ya wanaume, akina mama wakishaondoka. Mganga mfawidhi alikubali. Tangazo hatukulibandika. Tulimwomba muuguzi wa kiume, mkongwe aliyejulikana na kila mtu, apeleke habari msikitini na kijiweni kwa utaratibu wake mwenyewe.

Mimi ni mwanamke, na hilo lilikuwa na uzito wake. Mzee wa kwanza kuingia alinitazama, akamtazama muuguzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Lakini wewe ni sawa na binti yangu. Nikuvulie nguo vipi?"

"Hutanivulia, baba. Kaka huyu atakutayarisha nyuma ya pazia. Shuka utalishika wewe mwenyewe, mimi nitapima pale utakapofunua tu, na macho yangu yatakuwa kwenye skrini."

Tukafanya hivyo, na ndivyo nilivyofanya kwa kila mwanamume tangu hapo. Taulo lililokunjwa linawekwa chini ya korodani kuziinua. Uume unalazwa juu ya tumbo na kufunikwa kwa kitambaa ambacho mwenyewe anakishikilia. Jeli inapashwa kwanza kwenye beseni la maji moto, kwa sababu jeli ya baridi sehemu ile inamfanya mtu aruke na aone ametendewa vibaya. Mambo haya hayapo kwenye kitabu cha mashine, na bila hayo mashine haina kazi.

Alasiri zile zilinionyesha jinsi tulivyokuwa tukikosea kwa kutegemea macho. Pwani yetu, mfuko wa korodani ukivimba, kila mtu amekwishajua: mabusha. Mtu anajua, jirani anajua, na mara nyingi hata mhudumu wa afya anajua. Lakini kwenye skrini uvimbe si mmoja. Maji ya mabusha ni meusi, na korodani imekaa kando, ya kijivu, laini, imetulia. Ngiri ya utumbo haitulii: unaona utumbo unajikunja, na mgonjwa akikohoa unasogea chini. Damu iliyovuja ndani baada ya kuumia, au baada ya mtu kunyonywa maji kwa sindano uchochoroni, inaonekana imegawanyika kwa kuta na nyuzi. Zamani tulitumia tochi: ukimulika mfuko wa maji mwanga unapita, ukimulika ngiri haupiti. Njia nzuri, na ningemfundisha kila tabibu kijana. Lakini mabusha ya matende yaliyokaa miaka huwa na ngozi na ukuta mnene kiasi kwamba tochi haipenyi, na hapo macho na tochi vinaishia.

Miaka kadhaa baadaye tulipata mashine ya kubebeka, na ile iliyonifurahisha zaidi ilikuja na kichwa cha pili: kipande bapa chenye mawimbi ya masafa ya juu, kinachoona karibu na ngozi kwa undani ambao kichwa cha tumbo hakiwezi. Tuliingia nayo delta kwa boti, pamoja na watu wa maabara. Wao walifanya kazi usiku, kwa sababu watoto wa minyoo ya matende hutoka kwenye damu ya juu usiku, saa ambazo mbu wanauma. Mimi ningeweza kupima mchana, lakini watu walikuwa wamekusanyika usiku, jenereta la boti linanguruma, nikapima usiku.

Akaja kijana mvuvi wa kamba. Hakuwa na uvimbe wowote. Shida yake ilikuwa mitoki na homa, mara kwa mara, siku kadhaa hawezi kwenda baharini, kisha anapona. Homa hizi Rufiji zinajulikana vizuri. Gasarasi na wenzake walichapisha utafiti wao juu yake mwaka 2000, kutoka vijiji vya wilaya hii hii, wakionyesha jinsi zinavyomlaza mtu asifanye kazi. Nikaweka kichwa bapa juu ya korodani ya kulia, nikapanda taratibu kwenye kamba ya mishipa inayoshika korodani. Nikaona mfereji mweusi mdogo, na ndani yake nyuzi nyeupe zinapindana, zinajinyoosha, zinapindana tena, bila kupumzika. Minyoo mizima iliyokomaa, hai, inachezacheza ndani ya mshipa wa limfu. Jambo hilo lilikwishaelezwa huko Recife, Brazili, katika miaka ya 1990, na Amaral, Gerusa Dreyer na wenzao. Nilikuwa nimelisoma. Kulisoma na kuliona ni vitu viwili.

Kijana aliona nimenyamaza. "Dada, hivyo ni nini?"

Nikamgeuzia skrini. Nikamwambia hao ni wadudu walioletwa na mbu, ndio wanaompa mitoki, na wasipodhibitiwa ndio wanaoziba njia hadi maji yakusanyike. Akatazama muda mrefu. Kisha akaomba nimwitie mjomba wake, aliyekuwa nje. Nikamuuliza kama ana hakika, maana hiyo ni siri yake. Akasema ana hakika. Mjomba akaingia, kofia mkononi, akainama mbele ya skrini mpaka uso wake ukang'aa kwa mwanga wake. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mjomba ndiye aliyekuwa akisema kijana amerogwa kwa sababu ya ugomvi wa sehemu ya kuvulia, na familia mbili zilikuwa hazisalimiani. Mjomba aliuliza swali moja tu: "Wanakufa?"

Swali hilo lilikuwa na jibu kutoka Tanzania yenyewe. Katika kijiji cha Kimang'a, Pangani, watafiti wakiwemo Makunde wa Tanga na Taylor wa Liverpool waliwapa wanaume dawa ya doksisaiklini kwa wiki 8 na wengine vidonge bandia, jumla wanaume 72. Halafu wakawapima kwa altrasaundi, wakitafuta minyoo ile ile inayocheza. Baada ya miezi 14, kati ya wanaume 27 waliopimwa kwenye kila kundi, minyoo hai ilionekana kwa 6 waliopewa dawa, na kwa 24 waliopewa vidonge bandia. Matokeo yalitoka mwaka 2005 kwenye jarida la The Lancet. Dawa yenyewe haimshambulii mnyoo moja kwa moja. Inaua bakteria wanaoishi ndani yake, ambao bila wao hawezi kudumu. Kwa hiyo nilimjibu mjomba: ndiyo, wanakufa, na tunaweza kuwahesabu wakifa.

Sijawahi kuona maneno ya afya yakifanya kazi kama picha ile. Hotuba za mbu zilikuwa zimetolewa kijijini pale mara nyingi. Watu walizisikiliza kwa adabu, wakaendelea kuamini waliyoyaamini: kurogwa, madafu, mke wa mtu. Nisieleweke kwamba nawadharau. Mtu aliyevimba sehemu ya siri bila kujua kwa nini atatafuta sababu, na sababu zinazopatikana kijijini karibu zote zinamtia hatiani yeye au jirani yake. Skrini ilimtoa hatiani. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, wanaume wapatao milioni 25 duniani wana mabusha yatokanayo na minyoo hii. Nafikiria ni wangapi kati yao wameishi na lawama isiyo yao.

Kwa upande wa maambukizi, nchi imefanya kazi kubwa, na ni haki kuisema. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza mwaka 2000, chini ya marehemu Dkt. Mwele Malecela, na kingatiba ya kwanza ilitolewa Mafia, ng'ambo tu ya Nyamisati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Rufiji, baada ya duru 12 za umezaji, uliona maambukizi yamepungua sana. Lakini kingatiba huua zaidi watoto wa minyoo kwenye damu. Haikaushi maji yaliyokwishajaa. Waliovimba kabla ya kingatiba bado wapo, wengi wamezeeka na mabusha yao, na dawa yao ni kisu.

Na kabla ya kisu, picha. Hili nitalisema kwa nguvu kwa sababu ya mwalimu mmoja kijana. Alikuwa kwenye orodha ya mabusha kama mdogo wa shemeji yangu. Uvimbe hauumi, unakua polepole. Alikuja kupimwa kwa kusukumwa na mkewe. Maji yalikuwepo, membamba. Ndani ya korodani yenyewe kulikuwa na kitu kigumu chenye kingo zisizo sawa, kina madoa, na damu inapita ndani yake. Saratani ya korodani haipasuliwi kupitia mfuko kama mabusha. Hupasuliwa kupitia kinena, ili seli zake zisimwagike kwenye ngozi na kufungua njia mpya za kusambaa. Angelazwa mezani kama mgonjwa wa mabusha, upasuaji wenyewe ungeweza kumdhuru. Alipewa rufaa Muhimbili, kisha akatibiwa Ocean Road. Baada ya muda mrefu aliniletea fungu la kamba wakavu, akakaa kunisimulia habari za wanafunzi wake, ugonjwa hatukuutaja.

Lakini picha nayo ina mipaka, na mtu wa picha ndiye anayepaswa kuisema. Mvulana mmoja wa visiwani aliamshwa usiku na maumivu makali ya korodani moja, akatapika. Nyumbani wakamkanda, wakidhani ni ngiri. Alfajiri wakamweka kwenye boti, maji yakawa yamekupwa. Boti ikakaa kwenye tope la mkondo ikisubiri bahari irudi. Walipofika nchi kavu na kupata gari, kituo cha kwanza kiliwaambia wasubiri mpaka kesho kwa sababu mpiga altrasaundi hayupo. Alipofika kwangu, niliwasha rangi za Doppler zinazoonyesha damu ikitembea. Upande mzima ulimeta. Upande unaouma haukuwa na rangi hata chembe. Korodani ilikuwa imejinyonga kwenye kamba yake, na damu ilikuwa imekatika tangu usiku. Saa 6 za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa. Zilikuwa zimekwishapita kabla hata boti haijaelea. Ile siku nzima waliyosubirishwa ilikuwa juu ya hapo. Mvulana akiwa na maumivu ya ghafla ya korodani, asisubirishwe picha. Apelekwe kwa mpasuaji, na kama mashine iko njiani apimwe akipita.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya watoto wa shule za bondeni. Altrasaundi ya kibofu hutaka kibofu kijae, kwa hiyo watoto hupewa maji, vikombe na vikombe, kisha wanakaa foleni chini ya mwembe. Baada ya muda foleni inaanza kucheza. Mmoja anasimama kwa mguu mmoja, mwingine anauma kola ya shati, wasichana wanashikana mikono na kucheka huku macho yakiwatoka. Mwalimu anakemea, nami namwomba awaache. Anayeingia anapandishwa kitandani, tunaona kibofu cheusi katikati, na ukuta wake. Ukuta wa mtoto mzima ni mwembamba na laini. Wa mwenye kichocho kizito ni mnene, pengine una vinyama vinavyoning'inia ndani. Halafu unapanda kwenye figo. Hapo kuna mtego ambao kila kijana niliyemfundisha ilibidi aujue: mtoto aliyejazwa maji kupita kiasi figo zake hutanuka kidogo hata kama hana ugonjwa. Usimwandike. Mpeleke akojoe, mrudishe, pima tena. Watafiti walipokutana Niamey mwaka 1996 kuweka utaratibu wa pamoja wa kupima kichocho kwa altrasaundi, mambo madogo ya namna hiyo ndiyo waliyoyapanga. Watoto waliagizwa kukimbia chooni, nao walitii agizo hilo kuliko agizo lolote la shule.

Tukawapa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Miezi ikapita, tukarudi na ndoo zetu za maji. Kuta zilizokuwa nene nyingi zilikuwa zimerudi kuwa nyembamba, na vinyama havipo. Hatz na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Ifakara walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo kwa watoto wa bonde la Kilombero, miaka kabla yangu. Nilimkumbuka mzee wa duara jeupe. Alikuwa mvulana kama hawa, kwenye dungu, na ndani yake kulikuwa na ukuta ambao kwa vidonge vya siku moja ungerudi.

Siku hizi kuna vichwa vya altrasaundi vinavyochomekwa kwenye simu, vinaingia mfuko wa koti. Tatizo la jenereta na magurudumu limekwisha. Yaliyobaki ni ya watu. Anayeagiza mashine kwa ajili ya kituo cha afya cha delta aulize kama inakuja na kichwa bapa, kwa sababu kichwa cha tumbo peke yake kitapima mimba na figo na kumwacha mwanamume na tochi. Mganga mfawidhi atenge saa za wanaume, na awe na muuguzi wa kiume anayeheshimika. Halmashauri ihesabu nauli ya boti kama sehemu ya kipimo, maana mtu wa Msala au Kiomboni hatokei upande wa pili bila bahari kukubali na mfuko kukubali.

Na shule za bondeni zisisahauliwe wakati huu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti, vyoo vikazama, na maji yalipopungua yaliacha madimbwi ambayo watoto waliyafanya mahali pa kuogelea na kuvua perege. Ukuta wa kibofu hauvimbi kwa siku moja. Watoto wale bado wako shule ya msingi, na mashine ya kuwapima sasa inabebwa na mtu mmoja kwenye bodaboda kutoka Kibiti.